Nilivyofunga Grupu, Maji Yakakatika

Wadogo zangu wa Form One, kaeni vizuri. Mstaafu anaongea.

Najua mnacheka. Mstaafu gani ana miaka kumi na saba, anavaa sketi ya shule na bado anatetemeka akisikia neno "hesabu"? Chekeni, meno ni yenu. Mimi nimeitumikia simu ya wahitimu tangu nikiwa Form Two hadi mwezi uliopita, Mwalimu Banzi aliponiambia, "Tausi, mtihani wa taifa huo unakuja. Weka silaha chini." Nikaweka. Mgongo unauma, macho yameingia ndani kwa kusoma meseji za wazee zisizo na nukta wala koma, na sasa nasubiri mafao yangu ambayo, kwa ninavyomjua Mwalimu Banzi, yatakuwa soda moja, tena ya kugawana.

Mmoja wenu atairithi kazi hii. Mimi hakuna aliyenifundisha isipokuwa makosa, na yapo mengine sitaki myarudie. Moja hasa. Nitalifikia.

Kwa ambao bado mnashangaa majengo: shule yetu hii ya Bigwa ina simu ambayo si ya mwalimu yeyote. Kioo kimepasuka kwenye kona. Inalala kwenye kabati la chaki ofisini, na imewekwa mtetemo, kwa hiyo ikiingia meseji maboksi ya chaki yanacheza kama yana mapepo. Ndani yake lipo grupu la wahitimu, yaani watu waliowahi kusoma hapa, kuanzia wazee waliokalia madawati ya watu watatu hadi kaka zetu waliomaliza juzi na hawajarudisha vitabu vya maktaba. Mapumziko marefu na kila Ijumaa baada ya vipindi, mwanafunzi mmoja anaruhusiwa kuishika. Anapokea salamu, anatangaza misiba, anawakumbusha wazee mambo waliyoahidi wenyewe. Ni kazi pekee hapa inayokuwezesha kushika simu mbele ya mwalimu wa nidhamu huku ukimwangalia usoni. Heshima hiyo peke yake ilinitosha.

Sikuipata kwa akili. Niliipata kwa mdomo. Siku moja nilikuwa mbele ya darasa naigiza Mwalimu Banzi anavyopiga chafya. Hupiga tatu mfululizo, halafu husema "tuendelee", hata akiwa peke yake chooni. Darasa zima likavunjika mbavu, kasoro mtu mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Tausi."

"Naam, mwalimu."

"Huo mdomo ni wa nani?"

"Wangu, mwalimu."

"Hapana. Kuanzia leo ni wa shule."

Ndivyo ajira yangu ilivyoanza, bila barua.

Mwalimu Banzi mwenyewe alisoma hapa hapa, na kabla ya simu yeye ndiye alikuwa grupu. Akitaka wahitimu wajue jambo, anaandika matangazo matatu kwa mkono. Moja linabandikwa kwenye kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi mjini, la pili anapelekewa padri asome baada ya misa, la tatu linakwenda msikitini Mwembesongo. Anasema ikifika Jumatatu Morogoro nzima inajua, hata wasiohusika. Simu hakuiamini. Aliishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa kinyonga. "Karatasi," aliniambia, "haizimiki." Nilimwona ni mzee wa kizamani. Nilikuwa mjinga.

Wiki ya pili kazini nikaua mtu. Nilitangaza msiba wa Mzee Yusuf kwa maneno mazito, nikaongeza na aya kuhusu pengo lisilozibika. Pole zikamiminika. Mmoja akaandika kuwa marehemu alikuwa na roho nzuri, ila mgomvi kidogo. Haijapita robo saa, marehemu akajibu:

"Binti, mimi niko Kihonda nakunywa chai kwa chapati. Aliyefariki ni Yusuf Kengele. Mimi ni Yusuf Ukoko. Na huyo aliyesema mgomvi ajitokeze, bado nipo."

Kwa hiyo andikeni hili mahali: msiba hautangazwi kwa jina tupu. Weka jina, mwaka aliomaliza, jina la utani na alikokuwa akiishi. Jina la utani ndilo muhimu kuliko yote. Wapo wazee humo ambao hata wake zao hawajui majina yao ya kwenye rejista.

Mengine mtayajua kwa kuyaishi. Mzee akituma sauti ya dakika nane, habari yenyewe iko dakika ya saba. Huko nyuma ni kukohoa, kusalimia na kufukuza kuku. Akiandika kwa herufi kubwa tupu, usiogope, hajui tu kuzirudisha ndogo. Akianza na "Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo", kuna amani. Akiingia bila salamu yoyote, mkono mmoja kwenye simu, mguu mmoja mlangoni, kamwite mwalimu.

Na msiweke picha za zamani siku ya kazi. Ukitupia picha ya zamani, mapumziko yako yamekwisha. Watabishana siku tatu nani kavaa viatu vya nani.

Hizo picha ndizo ninazozikosa. Kuna moja niliitazama mpaka nikaikariri. Wavulana wawili wamekaa dawati moja. Mmoja mwembamba, nywele zimelala, Karim, mtoto wa Kihindi wa duka la mjini. Mwingine mfupi, mabega mapana, Mloka, aliyekuwa anashuka kutoka mlimani kila Jumatatu na kitenga cha karoti. Wamekumbatiana shingo kama wanakabana. Chini yake Mzee Karim aliandika: "Huyu alikuwa anakula kachori zangu zote." Mzee Mloka akajibu: "Na karoti zangu nani alimaliza, sungura?" Siku hizi Mzee Karim ndiye mwenye lile duka la vifaa, lenye kaunta ya matangazo. Mzee Mloka bado yuko juu, analima karoti na kabichi, na Jumapili anaimba besi kanisani hadi vioo vinaitikia. Miaka yote hiyo, na bado walikuwa wanadaiana kachori na karoti.

Sasa kaeni sawasawa, maana nakuja kwenye kosa.

Maji mnayonawia pale bombani hayatoki mjini. Yanatoka mlimani. Saa moja na nusu kwa miguu yenu, nusu saa kwa miguu ya Mzee Mloka, kuna kijito kimezuiwa kwa mawe na saruji. Hapo ndipo banioni. Maji yanajaa, yanapita kwenye chujio, yanaingia kwenye bomba, yanateremka hadi tangi letu. Wahitimu walilichimbia bomba hilo kwa mikono yao, na kila mwaka, Jumamosi ya mwisho kabla ya masika, wanapanda kulisafisha banio. Siku hiyo inaitwa Siku ya Banio. Mzee Mloka ndiye mkuu wa mawe, anajua lipi la kutoa na lipi ukiligusa mto mzima unakuangukia. Mzee Karim ndiye mkuu wa bomba, hakuna kiungo njia nzima ambacho hajakifunga yeye. Ukitoa mchanga bila kukagua viungo, maji yanamwagikia migombani. Ukikagua viungo bila kutoa mchanga, hakuna maji ya kumwagika. Basi wanapanda pamoja, wanashuka pamoja, halafu wanakula ugali na maharage yaliyopikwa vibaya makusudi, ili yafanane na ya zamani.

Mwaka jana, nikiwa Form Three, joto la uchaguzi likapanda, likaingia na kwenye kabati la chaki.

Mwanzoni lilikuwa tamu. Mzee Karim anasifia upande wake, Mzee Mloka anausifia wake, wengine wanachochea kuni. Mimi nasoma huku natafuna muwa. Mwenyekiti wa wahitimu, Mama Felista, nesi mstaafu ambaye sauti yake peke yake ni sindano, akaandika: "Wapendwa, siasa ina magrupu elfu. Shule ni moja. Naomba tuiache nje."

Mzee Karim akamjibu: "Mwenyekiti, humu humu ndimo tulimofundishwa mdahalo. Kila Ijumaa tulisimama tukapingana, mwalimu anatupa alama. Leo tujikunyate kama kuku wa mvua?"

Nilipiga makofi, peke yangu, ofisini.

Halafu siku moja, Ijumaa, ikageuka. Walikuwa wanabishana kuhusu barabara ya mlimani, nani aliiahidi na nani aliisahau. Mzee Karim akaandika, bila salamu: "Ninyi watu wa huko juu mtaendelea kulia. Kura yenu inanunuliwa kwa kilo ya sukari."

Kisha Mzee Mloka: "Wewe sema utakavyo. Mambo yakiharibika, ninyi mna pa kwenda. Sisi hatuna, pa kwetu ni hapa."

Nikaweka muwa chini. Watoto wa Morogoro mnajua neno hilo linaelekezwa kwa nani na linauma wapi. Juu ya kioo nikaona Mzee Karim anaandika. Anaacha. Anaandika tena. Mwalimu Banzi alikuwa kwenye kikao. Nikawaza: akimaliza kuandika hapa patawaka moto. Grupu lilikuwa na admini mmoja tu, simu ya shule, yaani kidole changu. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaweka kwamba anayeruhusiwa kuandika ni admini peke yake.

Mzee Karim akaacha kuandika.

Nikairudisha simu kabatini, nikatembea kwenda nyumbani Mwembesongo nimeinua kidevu kama mpatanishi wa mataifa. Wiki mbili, wiki tatu, chaki hazichezi.

"Wahitimu wametulia siku hizi," Mwalimu Banzi akasema.

"Nimewatuliza, mwalimu."

"Safi sana." Akapiga chafya tatu. "Tuendelee."

Tangazo la Siku ya Banio nililituma mwenyewe, na ramani nikachora. Wote wakalisoma. Hakuna aliyejibu, na mimi nikachukulia kwamba wakubwa wakinyamaza wamekubali.

Jumamosi ile walikuja wanne. Mama Felista na goti lake bovu. Mzee Yusuf Ukoko, yule marehemu wangu, na chupa ya chai. Kaka wawili waliomaliza juzi, wamevaa raba nyeupe. Mkuu wa mawe hakuonekana. Mkuu wa bomba hakuonekana. Wakakwangua majani ya juu juu, wakapiga picha, wakashuka.

Masika yakaanza. Mlima ukateremsha mchanga wake wote pale banioni, na siku ya nne bomba la shule likakohoa, likatema matope, likanyamaza. Hamjawahi kuona kichekesho kama kile: mvua inakulowesha hadi mifupa, na bomba limekauka kama koo la aliyefunga saumu. Alfajiri tukawa tunateremka mtoni na ndoo. Mto umejaa, ukingo unateleza, wanaoteremka ni watoto wa umri wenu. Ikapita wiki, mkuu wa shule akatangaza mstarini kwamba bila maji hosteli haiwezi kuendelea. Mwisho wa mwezi yasipotoka, wasichana wa hosteli warudi kwao mpaka itakapojulikana.

Huko kwao ni vijiji vya juu mlimani. Huwezi kuja shule kutoka kule na kurudi kila siku, labda uwe mwewe. Na mmoja wa hao wasichana alikuwa Agnes, ambaye nimekaa naye dawati moja tangu Form One. Jioni nilimkuta kwenye kitanda chake anapanga nguo kwenye tranka.

"Tranka hilo la nini? Mwisho wa mwezi bado."

"Nazoea," akasema. "Dada yangu naye aliambiwa arudi mpaka itakapojulikana. Sasa hivi ana watoto wawili. Haijajulikana."

Nikakaa kitandani, nikaanza kumkunjia nguo.

"Tausi, wewe si ndiye bosi wa wazee? Waite basi."

"Nimewaita."

"Wamesemaje?"

"Hawawezi kusema. Nimefunga, admini tu ndiye anaandika."

Agnes akaacha kukunja gauni. "Umewaziba watu wazima midomo, halafu unashangaa hawaitiki?"

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nikaenda ofisini kabla ya kengele. "Shikamoo mwalimu. Nilifunga grupu."

"Marahaba. Lini?"

"Tangu ile siku ya Mzee Karim na Mzee Mloka."

Akavua miwani. Akaitoa simu kwa vidole vyake viwili, akapandisha juu, akasoma. Akarudi chini. Akasoma tena. Pale lilikuwapo neno la Mzee Mloka, mna pa kwenda, na chini yake tangazo langu lenye ramani na vikatuni vya majembe. Karibu miezi miwili neno lile lilikaa pale, kila aliyefungua grupu analikuta, na hakuna aliyelijibu.

"Kumbe hawakutulia," akasema taratibu. "Na mimi nakusifia humu ofisini." Hakunichapa. Afadhali angenichapa. "Fungua."

Nikafungua. Tukasubiri. Siku nzima chaki hazikutikisika. Mlango uliofungwa muda wote huo, ukiufungua kimya kimya nani atajua kama uko wazi?

Mwalimu Banzi akachukua karatasi, akaandika matangazo matatu kwa mkono. Akanipa. "Hayazimiki," akasema. "Yapeleke wewe. Kwa miguu."

La misa nilimpa padri, la msikitini nililiacha kwa mwalimu wa madrasa. Dukani Mzee Karim alikuwa nyuma ya kaunta anamtafutia fundi soketi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unataka nini, binti?"

"Nabandika tangazo. La banio."

"Bandika. Kaunta ni ya watu wote." Akaendelea kuchambua soketi. "Mimi siji."

"Kwa sababu ya siasa, mzee?"

"Siasa?" Akacheka bila kufurahi. "Mimi na Mloka tumebishana siasa kabla hatujaota ndevu. Babu yangu amezikwa Morogoro. Baba yangu amezikwa Morogoro. Naambiwa nina pa kwenda. Niambiwe basi ni wapi, nikapaone! Nikaanza kumjibu, nikakuta nimefungiwa mimi. Nikasubiri mmoja, mmoja tu katika shule nzima, aseme Mloka umekosea. Hakuna. Wote wamesoma, wote wamenyamaza, mlango umefungwa. Nikasema sawa, kumbe ndivyo wanavyoniona."

Fundi akaangalia chini. Mimi nikashika kaunta.

"Mzee, hawakunyamaza. Ni mimi nilifunga. Nilikuwa naogopa mtagombana."

Akainua macho kutoka kwenye soketi. "Wewe?"

"Mimi. Hakuna aliyeweza kuandika. Hata angetaka." Na kwa kuwa mdomo huu hauna breki nikaongeza, "Na wewe mzee ulisema kilo ya sukari."

"Nilisema?"

"Ulisema. Ipo pale juu yake."

Akarudisha soketi kwenye boksi lisilo lake. "Nenda shule, binti," akasema.

Kwa Mzee Mloka nilipanda Jumamosi na Agnes, ambaye njia ile anaijua kuliko mfuko wa sketi yake. Tulimkuta shambani anafunga karoti kwenye tenga. Agnes akamwamkia Kiluguru, uso ukafunguka. Alipoona sare zetu ukafungika.

"Ninyi si mlinitoa?"

"Hatujakutoa mzee," nikasema.

"Mmenitoa. Siku ya pili yake niliamka nikataka kumwambia Karim lile neno nalirudisha. Nikatafuta pale mahali pa kuandikia. Hapapo! Nikamwita kijana wangu, akasema baba, wamekutoa. Nikasema wamefanya haki. Mtu aliyesema vile anastahili."

Nikamweleza. Alisikiliza ameshika fungu la karoti kama kitabu cha sala.

"Mbona hukumpigia simu, mzee?" Agnes akauliza.

"Mwanangu, neno nililisema mbele ya watu. Nikamwombe radhi sikioni? Huko ni kumwibia." Akafunga tenga, akakaza kamba kwa goti. "Banio mmelisafisha?"

"Mama Felista alikwangua majani."

"Majani!" Akatazama mlima kama mtu aliyeambiwa mtoto wake amenyolewa na kipofu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa getini na simu ya shule mfukoni, kwa ruhusa. Tangazo lilishasomwa misani, lilishasomwa msikitini, na wakaja wengi kuliko nilivyowahi kuona, wengine kwa udadisi tu. Mzee Karim alikuja na begi la viungo na misumeno. Mzee Mloka tulimkuta juu tayari, yumo majini hadi magotini.

Hawakusalimiana. Kazi ikaanza. Mawe yanatoka, mchanga unatoka, Mzee Karim anakagua kiungo cha kwanza hatua tano kutoka pale, kampa mgongo. Watu wote tulikuwa tunafanya kazi huku masikio yamesimama kama ya sungura.

"Karim," Mzee Mloka akasema.

"Eeh."

"Lile neno."

"Neno lipi?"

"Unalijua."

"Maneno ni mengi, Mloka. Litaje."

Mzee Mloka akaweka jiwe chini. "Lile la kwamba mna pa kwenda."

"Haya. Limefanyaje?"

"Nalirudisha."

Mzee Karim akageuka. "Ulipoliweka walikuwapo wangapi?"

Mzee Mloka akatoka majini. Akanyoosha mkono kwangu. Pale banioni mtandao unakamata juu ya jiwe moja tu, basi akapanda, suruali inachuruzika, nikambonyezea sehemu ya sauti. Hajawahi kutumia maneno machache hivyo maisha yake yote: "Wanashule, ni Mloka. Nilimwambia Karim ana pa kwenda. Lilikuwa neno la kijinga. Pa Karim ni hapa, kama mimi. Nalichukua neno langu, na anisamehe."

Mzee Karim akapanda jiwe lile lile, wakabanana kama kwenye ile picha ya dawati. "Karim hapa. Na mimi lile la sukari nalichukua. Watu wa mlimani hawanunuliki. Wangekuwa wananunulika, huyu ningeshamnunua tangu shule anyamaze."

Tukacheka hadi Mzee Yusuf Ukoko akamwaga chai. Nikatuma. Na Mungu ni shahidi yangu, hawajashuka kwenye jiwe, Mzee Karim akasema, "Ila kuhusu barabara, upande wako walidanganya."

"Upande wangu? Anza na wako!"

"Mnaona?" Mama Felista akapaza sauti kutoka ukingoni. "Ndiyo maana nasema siasa ikae nje ya shule!"

"Mwenyekiti, hapa ni nje ya shule," Mzee Mloka akamjibu. "Nipe koleo."

Wakabishana mchana mzima. Wanabishana wanang'oa jiwe, wanabishana wanafunga kiungo, kila mmoja anachimba kwa nguvu zaidi ili apate pumzi ya kumjibu mwenzake. Saa tisa maji yakaingia kwenye bomba. Agnes alikuwa amebaki chini, zamu yake ilikuwa kusubiri kwenye tangi. Hatukuhitaji simu. Kelele zake zilipanda mlima zenyewe.

Bomba lilikohoa, likatema matope, likatema majani, kisha likatoa maji ya rangi ya chai ya Mzee Yusuf, kisha maji. Jioni nilipopita hosteli tranka lilikuwa tupu juu ya kitanda na Agnes anafua gauni lililokuwa safi. Hivi sasa amekaa hapa nyuma yangu, anasema nimemfanya aonekane mlizi. Hakulia. Mimi ndiye nililia, lakini mvua ilikuwa inanyesha, hakuna ushahidi.

Mtaniuliza: basi, siasa iwemo kwenye grupu la shule au isiwemo? Kamati ilikaa, ikabishana, haikumaliza. Mama Felista hajabadilika hata nukta, na sikilizeni, hoja yake ina uzito: kuna watu walilefti grupu mwaka ule na hawajarudi, na shule ni moja kweli. Mzee Karim naye anasema watu waliokula maharage ya wadudu pamoja wasipoweza kupingana, nani ataweza? Mimi nimewasikiliza wote na nimestaafu bila jibu. Nilichobakiza ni desturi mbili ambazo hazijaandikwa popote. Bisha kuhusu barabara, kuhusu shule, kuhusu sukari yenyewe, ila usiguse mtu alipozaliwa. Na anayebisha, banioni aonekane.

Na moja ya kwako wewe utakayeirithi simu. Wakianza kupandishana, kidole kitakuwasha. Usifunge. Mwite mwalimu, muombe mzee mmoja aingie kati, tupia hata picha ya zamani wagombanie viatu. Lakini aliyetukanwa muache ajibu, na aliyetukana muache atafute pa kusema samahani. Mimi nilidhani nimezima moto, kumbe nimefunga watu ndani pamoja nao.

Mwakani na mimi nitaingizwa humo, mhitimu kamili. Mtaniona. Nitaanza na shikamooni, nitamaliza na ubishi, na nitatuma sauti za dakika nane nifukuze kuku.

Kabati liko kushoto ukiingia ofisini, simu iko nyuma ya chaki za rangi. Mkisikia maboksi yanatetemeka, msikimbie kumwita mtu. Ni Mzee Karim na Mzee Mloka. Nendeni kwanza bombani mkafungue, muone kama maji yanatoka.